Kununua Noah Unguja na kuipandisha vilima vya Pemba: uzoefu wangu

Jina la yadi sitolitaja. Gari ninayo, inatembea, na mwenye yadi tulimalizana kwa maneno mazuri, ijapokuwa kabla ya hapo tulishatoleana maneno mengine kabisa. Naandika kwa ajili ya Mpemba mwenzangu anayefikiria kuvuka kwenda kununua gari Unguja, maana masuala niliyoulizwa tangu niifikishe hapa Chake ni mengi na nimechoka kuyajibu moja moja barazani.

La kwanza ambalo kila mtu huuliza: kwa nini yadi, usiagize mwenyewe Japani? Kuagiza kupitia BE FORWARD au SBT, kampuni za Japani zinazouza magari mtandaoni, watu wanaagiza, na mara nyingi bei inakuwa chini. Lakini hapo umenunua picha. Kisha uanze kufuatana na wakala, forodha ya TRA (mamlaka ya mapato ya Tanzania), bandari, usajili wa ZRA (mamlaka ya mapato ya Zanzibar), na wewe uko Machomane huna hata pa kulala mjini. Mimi nilitaka gari niione, niilalie chini niiangalie tumbo, niiwashe ikiwa baridi. Pesa yenyewe ilikuwa ya karafuu, na pesa ya karafuu ikikaa sana ndani ya nyumba hupata wenyewe wengi.

Nilijua ninachokitaka: Toyota Noah ya umbo la ZRR70, zile za kuanzia 2007 mpaka 2014. Ile ya kabla yake, AZR60, ni rahisi kuipata na bei yake nzuri, ila injini yake ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, imeshawasumbua watu wa hapa kwa pampu na kwa moshi wa masizi. Ukiitaja mbele ya fundi wa Chake anacheka kwanza ndipo akujibu.

Nilizunguka yadi kadhaa za mjini. Karibu zote zina mtindo mmoja: magari yamebanwa bampa kwa bampa, karatasi kwenye kioo imeandikwa mwaka, cc na kilomita, na kijana anakukimbilia kabla hujafunga mlango wa teksi. Kwengine niliomba kuona karatasi ya mnada, ile ya Japani inayoeleza hali ya gari, nikaambiwa "hiyo tunayo ofisini, lipa kwanza kidogo". Hapo nilitoka. Kwengine gari ilikuwa inang'ara juu mpaka unajiona, chini imekula kutu kama nanga. Magari ya Hokkaido na sehemu nyengine za theluji huwa hivyo, kwa sababu Wajapani humwaga chumvi njiani ili barafu iyeyuke. Ukichanganya na chumvi yetu ya bahari, hiyo gari haifiki mbali.

Yadi niliyonunua iliniteka kwa jambo moja. Yule kijana wa mauzo, bila ya kuombwa, alinifungulia faili akanipa nakala ya karatasi ya mnada ya Japani. Kwa asiyewahi kuiona: ni ukurasa mmoja wenye mchoro wa gari iliyotandazwa, na juu yake alama. A1 ni mkwaruzo mdogo, U ni kibonye, W ni pahala palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Pembeni kuna daraja. Ukiona 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 ina makovu ya kawaida, na ukiona R maana yake imeshawahi kugongwa ikatengenezwa. Hii ilikuwa 3.5, daraja la ndani B, mlango wa nyuma una U1, yaani kibonye kidogo, na kweli kibonye kilikuwepo palepale kilipochorwa. Kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashibodi zilikubaliana kwa tofauti ndogo tu ya kuipakia na kuipakua melini. Namba ya chesesi ilikuwa ile ile. Kwa hili nampa yule kijana maksi zote. Alikaa na mimi jua la saa saba akinifungulia boneti, viti, mpaka mkanda wa kiti akauvuta wote ili nione lebo ya mwaka iliyoshonwa chini.

Nilipiga picha kila pembe kwa simu. Injini, tairi zote pamoja na zile tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa, redio, betri. Kijana akanitania: "Sheikh, unaiposa nini?" Nikamwambia posa huwa na mashahidi. Zile picha baadaye zilinifaa kuliko risiti.

Kuijaribu njiani ndipo pa kwanza niliponuna. Walinipitisha njia ya Uwanja wa Ndege, lami tambarare, nenda rudi, basi. Niliomba tuipandishe kilima. "Unguja hii kilima utakitafuta wapi?" Nikamtajia Masingini, kule kwenye msitu. Akasema petroli haitoshi. Nikasema natia mimi. Akasema funguo inasubiriwa na mteja mwengine. Mjini Unguja gari yoyote inaonekana nzima kwa sababu ardhi yake haiiulizi suala. Mtu wa Pemba akatae kulipa mpaka apandishwe pahala, hata kama ni kile kimlima cha kuelekea msituni.

Bei tulipatana milioni 19 na nusu "mpaka namba", yaani ushuru, usajili, kadi na kibao cha Z, yaani namba ya Zanzibar, vyote ndani. Nilimwambia aandike maneno hayo kwa mkono wake kwenye risiti ya malipo ya awali, akaandika. Nilipokwenda na pesa iliyobaki, mtu wa hesabu, ambaye simjui na hakunisalimia, akaniongezea gharama ya usajili na kitu alichokiita huduma ya ofisi. Nikamtolea risiti. Akaisoma, akampigia simu mtu, akairudisha. Hakuomba radhi wala nini, ila nyongeza ile haikutajwa tena.

Kadi ikachelewa. Nilikuwa nimeshukia kwa dada yangu Jang'ombe, na kila nikipiga simu ni kesho. Nilipokwenda mwenyewe kuuliza nikagundua karatasi zangu zilikuwa bado zimo kwenye droo ya yadi, hazijapelekwa popote. Ningeambiwa ukweli siku ya kwanza ningerudi Pemba nikasubiri huko kwenye shughuli zangu.

Tulipofika siku ya kukabidhiwa, nikafungua boneti. Ile betri ya buluu ya Panasonic iliyokuja nayo kutoka Japani haipo. Mahala pake imewekwa nyengine, nyeusi, haina hata jina linalosomeka, na nguzo zake zimepakwa grisi kama zimeshatumika karne. Nikatoa simu, nikaonyesha picha. Wakaangaliana. "Labda vijana wa kuosha." Betri ikarudi ndani ya nusu saa, kwa hiyo haikuwa mbali. Lakini hasara ilikuwa imeshaingia: redio hizi za Toyota zina kadi ya SD ya ramani, na ukikata betri na kadi haipo redio hujifunga, inakuletea maandishi ya Kijapani inataka kadi. Kadi yangu haikuonekana mpaka leo. Si kama ningepata mengi. Redio za Japani za zamani hushika FM kuanzia 76 mpaka 90 tu, na stesheni zetu nyingi zipo juu ya hapo, lazima ufungwe kifaa cha kubadilisha masafa. Lakini ilikuwa na kamera ya nyuma kwenye kioo kile kile, nayo imekwenda na kadi.

Meli ilivuka mkondo wa Nungwi salama, tukashuka Mkoani asubuhi. Wanaoijua Mkoani wanajua, ukitoka bandarini tu unaanza kupanda, mji wote uko juu ya kilima. Nilikuwa na shemeji yangu na mizigo yake. Nusu ya kilima gari ikaanza kutetemeka, si injini, ni kitu cha chini, kama mtu anatikisa kiti kwa nyuma, mshale wa mizunguko ya injini unapanda na kushuka na spidi haiongezeki. Shemeji akashika mlango. Ikapita, ikafika juu, ikatulia. Kuelekea Chake ikarudia kila penye mpando.

Noah hizi giaboksi yake ni CVT. Haina gia za hatua kwa hatua. Ina mkanda wa chuma unaobanwa baina ya puli mbili, na zikitanuka na kusinyaa ndiyo gia hiyo. Mkanda ule unaishi kwa oili yake, na Toyota wanataka oili ya CVT peke yake, TC au FE kwa kufuata mwaka wa gari. Ukitia oili ya giaboksi ya kawaida mkanda unateleza. Fundi wa Chake alitoa kidogo, akainusa, akanipa na mimi ninuse. Imeungua, nyeusi.

Nikampigia kijana. Yule yule wa maksi zote. "Sheikh, gari ikishatoka getini ni yako." Nikapiga tena, simu haipokelewi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana kuvuka bahari kwenda kugombana kwa kitu ulichokwisha kukilipia ni kazi. Lakini wanasema Mpemba hakimbii mvua ndogo. Nikatafuta namba ya mwenye yadi mwenyewe, mtu mzima, nikamsalimu kwa heshima yake, nikamtumia video ya mshale ukicheza kilimani na nikamkumbusha kwamba niliomba Masingini nikanyimwa. Alinyamaza kidogo akaniuliza: "Nani alikunyima?" Nikamwambia. Kesho yake akanipigia yeye. Tukakubaliana oili analeta yeye, ufundi nalipa mimi. Madebe yalikuja na boti, oili sahihi, yamefungwa vizuri.

Fundi aliimwaga na kuitia mara mbili, kwa sababu ukifungua mara moja inatoka sehemu tu, nyingi inabaki ndani. Mtetemo ukaondoka. Nikijaza watu wanane jua la mchana, kilima cha kuingia mjini Chake bado nahisi mguno mdogo, lakini hauongezeki.

Nisiwaonee, kuna waliofanyiwa mabaya zaidi kwa wauzaji wengine. Mwenzangu mmoja wa Wete alinunua Toyota IST iliyoandikwa kilomita 68,000, bila ya karatasi ya mnada. Siku moja akifuta fremu ya mlango wa dereva akakuta kistika cha Kijapani cha kubadilisha oili kimefunikwa na uchafu, kina tarakimu 131,000. Aliporudi na picha akaambiwa hayo ni mambo ya Japani. Nilimshauri aende Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, akasema hana muda. Na kuna waliofurahi: binti wa shangazi yangu alinunua Toyota Passo kwa murabaha. Benki ndiyo iliyoinunua gari kwa muuzaji kisha ikamuuzia yeye kwa faida iliyoandikwa wazi tangu mwanzo. Kwa vile mnunuzi wa kwanza alikuwa benki, muuzaji alileta kila karatasi mapema, hakuna mambo ya droo. Analipa zaidi kuliko taslimu, na hajutii.

Jambo jengine dogo, maana nililisikia kwenye yadi zaidi ya moja: "ukichoka nayo utaiuza Dar." Gari ya namba ya Z ukitaka ibaki Bara huenda ukadaiwa tofauti ya kodi, kwa hiyo uliza TRA kwanza. Anayekwambia maneno hayo hajakuwekea hiyo tofauti kwenye hesabu.

Kama nitarudi pale pale nikitaka gari nyengine? Kwa kuchagua gari, ndiyo, kwa sababu karatasi za mnada wanazionyesha na wengi hawaonyeshi. Kwa kulipa, nitataka mwenye yadi mwenyewe awepo mezani. Usajili nitamwachia mtu wangu aupeleke kwa miguu yake. Betri nitaiandikia namba kwa kalamu ya wino usiofutika. Na ile kadi ya SD bado naidai.