Uzoefu wangu na kipimo cha Jankovic kwa wagonjwa ambao kope zao zinafumba zenyewe

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho katika hospitali ya mkoa. Mgonjwa akija na kope zinazokaza na kufumba bila yeye kutaka, hali ambayo wataalamu huiita bleferospazimu, karatasi ninayoishika kwanza ni ya kipimo cha Jankovic. Ninakipenda na ningetamani kila kliniki ndogo iwe nacho, maana hakihitaji mashine wala umeme. Unahitaji kiti, saa yenye mshale wa sekunde na utulivu wa kumtazama mtu.

Kipimo hiki kimetokana na kazi ya Joseph Jankovic, bingwa wa magonjwa ya neva wa Chuo cha Tiba cha Baylor, Houston. Kina sehemu mbili tu, ukali na marudio, na kila moja inaanzia 0 hadi 4. Kwenye ukali, 1 ni yule anayepepesa kupita kawaida pale tu anapochokozwa na mwanga, upepo au kusoma. 2 ni kope zinazotetemeka ukaziona, ila hazimzuii kufanya kitu. 3 ni mikazo ya wazi iliyoanza kumkwamisha, na 4 ni ile inayomlemaza kabisa, pengine hata misuli mingine ya uso ikivutwa. Kwenye marudio, 1 ni kupepesa kulikoongezeka kidogo. Baada ya hapo mpaka ni sekunde moja. Kope zikitetemeka chini ya sekunde, andika 2. Zikikaza kwa zaidi ya sekunde, lakini macho yakawa wazi zaidi ya nusu ya muda ambao mtu hajalala, andika 3. 4 ni yule ambaye macho yamefumba zaidi ya nusu ya muda huo.

Hiyo 4 ndiyo iliyonifanya nikithamini kipimo hiki. Mgonjwa wa aina hiyo ukimshikia kope kwa kidole anaweza kusoma chati ya herufi hadi mstari wa chini. Kwenye faili ataonekana ana macho mazima, na wakati huohuo hawezi kuvuka barabara bila kushikwa mkono. Chati haimuoni. Kipimo cha Jankovic kinamuona, na namba yake ikiingia kwenye barua ya rufaa, daktari bingwa kule anajua kwamba huyu si wa kupangiwa tarehe ya mbali.

Sasa angalizo langu kubwa: usitoe alama mgonjwa akiwa anaongea. Mama mmoja mshonaji aliingia amebonyeza kidole juu kidogo ya nyusi. Tukaamkiana, akanieleza habari zake kwa kirefu, na macho yake yakawa wazi muda wote. Kwa nilichokuwa nakiona angepata 1. Nikamuomba atoe kidole, atulie, asiseme chochote, nami nikawa natazama saa. Hata nusu dakika haijafika kope zikashuka na kukaza mpaka nyusi zikavutwa chini. Akasema, "Ndiyo hayo sasa, mwanangu." Kwa wengi kuongea, kuimba, kutafuna au kugusa sehemu fulani ya uso hutuliza mikazo kwa muda, na hata kule kukaa mbele ya mhudumu kunaweza kuituliza. Kwa hiyo namtazama akiwa kimya, akiongea, kisha akiwa ameelekea dirishani kwenye mwanga. Nawaomba ndugu pia wamrekodi kwa simu nyumbani. Video fupi ya jikoni imewahi kunionyesha kile ambacho kliniki nzima haikukiona.

Kipimo hiki hakiulizi maisha ya mtu yakoje, na hapo ndipo ninapoweka pembeni yake fomu ya maswali sita, iitwayo BSDI kwa kifupi: kuendesha gari, kusoma, kutazama televisheni, kwenda dukani, kutembea na shughuli za kila siku. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayejipa alama, 0 hadi 4, kisha tunachukua wastani. Swali la gari huwakwaza wengi. "Sista, mimi usukani sijawahi kuugusa," wananiambia. Fomu inaruhusu kuandika kwamba swali halimhusu, na wastani unatoka kwa yale aliyojibu. Ya kupanda daladala na kuvuka barabara nayaandika chini kwa maneno, siyaingizi kwenye hesabu. Asiyejua kusoma namsomea mimi, siyo mtoto wake, kwa sababu watu hujipunguzia shida mbele ya watoto wao.

Tiba inayotumika zaidi ni sindano ya botulinamu, ambayo Marekani iliidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 1989. Inalegeza misuli kwa takriban miezi mitatu, na ni ghali. Mtu aliyechangiwa na ukoo mzima ili achomwe anastahili kujua kwa namba kama imemsaidia. Ndiyo maana nasisitiza tupime kabla, kisha tena wiki chache baadaye, na tuandike namba zote mbili badala ya jumla peke yake. Jumla ya 5 inaweza kuwa ukali 3 na marudio 2, au kinyume chake, na hao si wagonjwa wanaofanana.

Usikitumie kwa kila kope inayocheza. Kope moja inayorukaruka kwa uchovu kwa kawaida hupita yenyewe. Uso unaovutwa upande mmoja pamoja na mdomo, hata usingizini, ni ugonjwa mwingine. Na wapo ambao kope zao hazikazi kabisa ila zinakataa kufunguka. Hao namba za Jankovic haziwaelezi vizuri, na mimi huandika maelezo kamili. Mwenye kamera na muda atazame kipimo cha Defazio na wenzake cha mwaka 2015, kinachotenganisha aina za mikazo kwa undani zaidi. Kwa foleni yetu ya asubuhi nabaki na Jankovic na ile fomu ya maswali sita, zikiwa zimebanwa pamoja nyuma ya barua ya rufaa.