Kitalu cha miche karibu na Mafinga, hawa wanarudi kuhesabu iliyokufa

Jamani kama unatafuta miche ya kupanda kwenye chanzo cha maji nenda hiki kitalu cha vijana, kipo barabarani kabla hujaingia Mafinga ukitokea Iringa, mi nimewatumia misimu miwili.

Kabla yao tulishapewa miche ya bure na mradi fulani, ikaja lori zima milingoti (mikaratusi) mitupu, tukapanda mpaka kwenye jicho la chemchemi, wakapiga picha wakaondoka mpaka leo. Mlingoti unakunywa maji sana na sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 toka kwenye chanzo, basi tukaja kuing'oa wenyewe.

Hawa vijana hawakuniuzia kitu siku ya kwanza. Walikuja kuona eneo, wakauliza nani analima vinyungu (bustani za bondeni za kiangazi) pale, ng'ombe wanapita wapi, kiangazi maji yanarudi mpaka wapi. Bibi jirani akawaambia wazi mkizungushia pote mi mboga nitakula wapi, mpango ukabadilishwa palepale: kwenye jicho mivengi (miti ya asili inayopenda maji) na mizambarau, njia ya ng'ombe ikaachwa, na bibi akasogea juu nje ya zile mita 60 na miche yake ya parachichi. Mvengi nilinunua shilingi 500.

Ila kilichonikosha ni mwezi wa tano mvua ilipokata, wakarudi tukapita mche kwa mche, kati ya 120 ilikuwa imekufa 47. Upande wa juu mchwa, hiyo tulijua. Upande wa chini kijana aling'oa mmoja akaupangusa udongo, mzizi umejizungusha kwenye kitako kama kamba, akasema huu ulikaa sana kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea), kosa letu. Wakanifidia bure yote ya chini, na kule kwenye mchwa wakasema tusirudie aina ileile, tujaribu michache ya aina tatu tuone ipi inashika.

Na sio maji yetu tu, vijito vya huku vinaingia mto Ruaha Mdogo unaopita Iringa mjini, nao unaenda Ruaha Mkuu ambao tangu 1993 kiangazi unakauka kule Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Inauma.

Kasoro ipo, simu hawapokei na viriba walivyochana waliviacha shambani mpaka nikawaambia. Nawapa nyota nne. Wahi Desemba mvua zikikolea, mwezi wa pili mivengi inakuwa imeisha.