Tafsiri ya simu kwa barua za biashara: bei inaweza, nahau inachemsha

Kwa mwenye duka wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, anayeagiza mzigo Dubai au Guangzhou, programu ya kutafsiri kwenye simu ni mkalimani wa bure. Idadi, uzito, tarehe ya meli: hapo inatosha. Ankara ipigwe picha ikiwa imenyooshwa, kwenye mwanga, na Kiswahili kipakuliwe mapema kabla bando halijakatika.

Tabu huanza muuzaji anapojisifu uaminifu, maana Kiingereza hapo hujaa mafumbo. "Above board" neno kwa neno ni juu ya ubao. Ubao wenyewe ni meza ya wacheza karata: mikono ikionekana juu yake, hakuna karata inayofichwa. Anasema biashara yake ni ya wazi.

"We don't cut corners" ndiyo mbaya zaidi. Ikija "hatukati kona", msomaji wa Kampala atadhani ni habari za boda. Kumbe anasema hawalipui kazi. Nawe ukimwandikia "msilipue kazi", simu inaweza kumpelekea mambo ya mabomu.

Nyingine zina ndugu kwetu. "Cook the books" ni kupika hesabu, sufuria ile ile. "Pig in a poke" ni mbuzi kwenye gunia. Mnyama tu kabadilika.

Usiingize nahau peke yake. Ingiza sentensi nzima, kisha jibu la Kiswahili lirudishe kwenye Kiingereza. Likirudi na maana nyingine, mwombe muuzaji aandike upya kwa maneno makavu: katoni ngapi, sampuli ipi, malipo ya awali asilimia ngapi, zenye kasoro anazirudisha kwa gharama ya nani. Hata nahau ikitafsiriwa vizuri, "fair and square" (kwa haki, bila hila) haikurudishii katoni iliyovunjika.

Kwa mkataba wa kutia sahihi, programu haifai kabisa. Sheria ya Uganda ya kuwalinda wasiojua kusoma humhesabu hivyo yeyote asiyeielewa lugha ya hati iliyo mbele yake, hata awe na digrii. Anayemwandikia hati lazima aweke humo jina lake kamili na anwani, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba aliyeandikiwa alisomewa na kuelezwa. Mlipe mtu atakayekubali kuandika jina lake hapo.