Vitamini C ya kuyeyusha: anzia kwenye kifuniko

Wiki iliyopita nimeacha 18,000 yangu kwenye duka la dawa huku Mwenge, nikatoka na kichupa cha vitamini C ya kuyeyusha. Nafungua nyumbani: vidonge vimevimba, vina madoa ya kahawia, cha juu kimegandana na mwenzake. Nikakirudisha jioni ile ile. Dada wa kaunta hata hakukigusa, alinionyesha tu kwa kalamu karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Tarehe ilikuwa bado mbali. Kilichoniponza ni unyevu. Vidonge hivi vina asidi na magadi, ndiyo maana vikiingia kwenye maji vinafoka. Na hewa ya Dar kipindi cha masika ina maji ya kutosha kuvianzisha humo humo kichupani. Vitamini C yenyewe haipendi joto wala mwanga. Sasa wenzetu wanaipanga wapi? Dirishani, jua la saa nane linaipiga usoni, eti ipendeze kwa wapita njia.

Kwa hiyo mimi siku hizi naomba cha kabatini ndani, utepe wa kifuniko uwe haujakatika. Ukishafungua, tikisa kifuniko sikioni: kuna chembe za kunyonya unyevu, zinalia kama kayamba dogo. Usikiache kichupa wazi hata unapokunywa.

Ya kwanza kwangu ni Redoxon, chapa ya vitamini C ya kuyeyusha. Ndiyo, napendelea, na ndiyo, ni ghali. Jina hilo lipo tangu 1934, na kifuniko chake hakijawahi kuniangusha. Ila kidonge kimoja ni miligramu 1,000 wakati mtu mzima hahitaji hata 100 kwa siku, basi usinywe kama soda. Mwenye presha amuulize daktari kwanza, vya kufoka vina sodiamu nyingi.

Ya pili, multivitamini za kwenye foili. Ukitoboa kimoja, vingine havina habari.

Vya kuhesabiwa kwenye kibahasha cha karatasi? Pita.

Najua mtaniambia mapera. Kweli, gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, na yule mama wa Buguruni akikupa lililooza anakubadilishia bila karatasi ya ukutani. Msimu ukiisha ndipo narudi kwenye vichupa.

Juzi nimekikuta kile kile cha 18,000 Kariakoo kwa 13,000. Nacho kilikuwa juani.