Rangi za Kuchakaza Mavazi ya Filamu: Ipi Inunuliwe na Ipi Iachwe Dukani

Kanzu nne za mabaharia nilizozichakaza kwa siku mbili huko Bagamoyo zilionekana kama zimekula chumvi ya bahari miaka kumi, mpaka mwigizaji mmoja alipomkumbatia mama yake na bega la kanzu likaacha alama ya kahawia kwenye kanga nyeupe ambayo hatukuwa na nyingine ya kubadilisha. Unga wa rangi niliouziwa ulikuwa na rangi nzuri ya vumbi, ila haukushika. Tangu siku hiyo siulizi kopo lina rangi ngapi. Nauliza kama rangi hiyo ikikutana na jasho itatulia au itahama, na kipimo changu ni leso nyeupe iliyoloweshwa maji ya chumvi, nikaisugua mara kumi kwenye kitambaa cha majaribio.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni Dye-Na-Flow, rangi ya majimaji ya nguo ya kampuni ya Jacquard, na sifichi kwamba naipendelea. Ni nyepesi kama maji, kwa hiyo huingia ndani ya nyuzi bila kuikakamaza nguo, na ikishakauka hupigwa pasi ya moto ili ishike. Tena hushika hata poliesta, jambo kubwa kwetu tunaovisha waigizaji mitumba, kwani Rit ya kawaida, rangi ya kuchemshia nguo, haishiki poliesta, na shati la pamba lililochemshwa humo hutoka limefubaa vizuri huku mishono yake ya uzi wa poliesta iking'aa kwa weupe.

Ya pili ni Plains Dust ya Ben Nye, poda ya kumalizia tu, ipakwe kwenye viatu na pindo dakika chache kabla ya kamera kuwashwa.

Ya tatu ni rangi ya kuigiza kutu ya Dirty Down kutoka Uingereza, ambayo hufanya mlango mpya wa bati uonekane wa kale. Lakini huyeyuka kwa maji, hivyo pwani ni lazima ifunikwe kwa vanishi.

Chai hufaa kuchakaza karatasi. Jiki hula pamba.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaogawa unga katika vikopo visivyo na lebo, wakataja bei kwa dola, kisha wakakataa kufungua kifuniko. Wa mwisho niliyemwendea aliniambia leso yangu itamchafulia bidhaa.