Uzoefu wangu na karakana moja ya ndege ndogo Mombasa: gasketi mbili kwenye chujio moja

Ninarusha Cessna 172 ninayoimiliki pamoja na shemeji yangu, na makao yake ni Uwanja wa Ndege wa Moi hapa Mombasa. Mwezi uliopita tuliipeleka kwa ukaguzi wa saa 100, yaani ule wa kila baada ya saa 100 za kuruka, katika karakana ambayo sitaitaja jina. Bei ilikuwa ya haki, kazi iliisha siku waliyoahidi, na hata chujio la zamani la oili walilipasua wakanionyesha kwamba halikuwa na chembe za chuma. Kwa hayo nawashukuru.

Safari ya kwanza baada ya hapo ilikuwa ya Malindi, mpwa wangu akiwa kiti cha kando. Magineto zote mbili, yaani vifaa vinavyotoa cheche za kuwashia mafuta ndani ya injini, nilizijaribu kabla ya kupaa, injini ikiwa kwenye mizunguko 1800 kwa dakika, nazo hazikuwa na kasoro. Tulikuwa tumelipita daraja la Mtwapa nilipohisi harufu ya oili inayoungua. Sindano ya shinikizo la oili, ambayo siku zote hukaa ndani ya eneo la kijani, ilikuwa imeshuka hadi ukingo wake wa chini, yaani paundi 50 kwa inchi ya mraba. Sikungoja iufikie mstari mwekundu wa 20. Nilipunguza nguvu, nikageuza, nikawaarifu waongozaji ndege, na sikukiacha kimo changu mpaka nilipokuwa na hakika kwamba hata injini ikizima tutaifikia njia ya kutua.

Tulipotua, tumbo la ndege lilikuwa limelowa oili mpaka karibu na mkia, oili mpya yenye rangi ya asali, nayo ilikuwa ikidondoka kwenye mguu wa gurudumu la mbele. Kijiti cha kupimia kilisoma chini ya alama ya 5, na kitabu cha ndege hii hakiruhusu kuruka ikiwa chini ya hapo.

Fundi niliyemwita kutoka Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, alilifungua chujio akaniita niangalie. Gasketi ya chujio la zamani, yaani pete ya mpira inayozuia oili isivuje, ilikuwa imebaki imegandamana na injini, na mpya ikakazwa juu yake. Gasketi zilizokaliana namna hiyo huweza kushika injini ikiwa baridi, kisha joto na shinikizo vikipanda huteleza na kuachia. Waya wa usalama, unaozuia chujio lisilegee, walikuwa wameufunga vizuri kabisa.

Kosa la mkono naweza kulisamehe. Lakini chujio likishafungwa, injini huwashwa, huzimwa, kisha mtu huinama na tochi kutafuta uvujaji kabla kifuniko cha injini hakijarudishwa. Na katika kitabu cha injini wameandika, wakatia sahihi na namba ya leseni, kwamba hilo lilifanyika na hapakuwa na uvujaji. Sahihi hiyo ndiyo niliyoilipia. Mpwa wangu alinitegemea mimi, nami nilikuwa nikiitegemea hiyo.

Msimamizi wao alinijibu kwa adabu, akajitolea kurudisha gharama ya oili na chujio. Nilimwomba aniambie ni nani aliyeiwasha injini siku ile na ni nani aliyeangalia. Hadi leo hajaniambia. Taarifa nimeipeleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ukaguzi ujao tutaufanyia Nairobi.