Niliomba breki tu, wakanioshea injini

Kama una gari la zamani ambalo halijawahi kuguswa, usimwachie fundi funguo kabla hujamwambia vitu ambavyo HATAKIWI kufanya. Mimi nilimwambia ninachotaka tu. Nilisema breki. Silinda kuu ilikuwa inavuja, pedali inazama mpaka chini. Basi.

Gari lenyewe ni Plymouth Road Runner la 1969. Sitawachosha na nguvu za farasi, hayo yapo kila mahali. Ila muelewe jambo hili: Plymouth waliyatengeneza haya magari yawe ya bei nafuu, injini kubwa ndani ya bodi isiyo na mapambo, ili kijana mwenye mshahara wa kawaida amudu. Na vijana waliyamaliza. Waliyashindanisha, wakayabamiza, wakayang'oa injini. Hapa Ohio, Marekani, mengi yaliyonusurika yakaliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Ndiyo maana mengi mnayoyaona yaking'aa kwenye maonyesho yamepigwa rangi upya na kushonwa viti upya. Langu halijapigwa. Rangi ni ileile ya kiwandani, imepauka, na kwenye ukingo wa boneti imelika kabisa. Kiti cha dereva kimeachia mshono mmoja na sitaki mtu aushone. Siku nilipoinua kiti cha nyuma nilikuta ile karatasi ya kiwandani imenasa kwenye springi, na namba za kila kilichofungwa kwenye gari hili. Niliisoma nimekaa sakafuni, mikono inatetemeka.

Na kwenye bati linalotenganisha injini na dashibodi kulikuwa na alama. Kalamu ya nta ya njano: tiki moja na herufi mbili, zimeandikwa haraka haraka na mfanyakazi wa kiwanda cha Lynch Road, Detroit, alipomaliza kukagua. Mwandiko wa mtu! Zaidi ya miaka hamsini umekaa pale, joto la injini halikuufuta.

Nilipokwenda kulichukua, kama wiki moja baadaye, injini ilikuwa inang'aa. Wameipiga mvuke na sabuni kali. Hakuna aliyeniuliza. Alama hazipo. Stika ya honi imebanduka nusu, na honi yenyewe inakoroma. Wanaolijua gari hili wanajua honi yake ni kitu gani: inalia "bip bip" kama Road Runner, yule ndege wa katuni, ambaye Plymouth waliwalipa Warner Bros. ili watumie jina na picha yake. Sasa inatoa sauti ya mtu mwenye mafua.

Kijana aliyeosha simlaumu, alitumwa. Namlaumu mwenye gereji. Nilimwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia hapa palikuwa na maandishi. Akatupa jicho mara moja. "Ule ulikuwa uchafu. Wenzako wananilipa kwa kazi hiyo, wewe nimekufanyia bure." Akanigeuzia mgongo, akapokea simu. Pole hakuna. Nimefanya kazi na watu miaka mingi, sijawahi kudharauliwa vile huku nimeshika risiti niliyolipa mwenyewe.

Siku zile nilimwambia mke wangu naliuza, nisije nikapata presha bure. Na hapa nilikaa niandike kwamba msinunue gari la namna hii kabisa, kwa sababu rangi mpya unaweza kupaka hata mara kumi, ya kiwandani ikitoka imetoka, na kila anayelishika anaona uchafu wa kuondoa. Lakini juzi nilisimama kujaza mafuta, mzee mmoja akaja akauliza kama anaweza kuingiza kichwa ndani anuse tu. Alikuwa nalo akiwa kijana. Alivuta pumzi, akabaki kimya, machozi yanamlengalenga. Kwa hiyo hapana, siliuzi, na kauli yangu ya msinunue naifuta. Nunueni, lakini lilindeni.

Kuhusu gereji, lazima niseme kweli: breki wamezitengeneza vizuri. Gari linasimama, halivuti upande, na bei haikuwa ya kuumiza. Nilikuwa nimeshawawekea nyota tatu. Kisha nimetoka sasa hivi kwenda bandani kuitafuta ile risiti, nikajikuta nimefungua boneti tena. Bati tupu.

Nyota moja.